Kidole Kilichonisingizia

Ndugu yangu uliyeketi kunisikiliza, amani ya Bwana iwe kwako. Nimesimama kueleza jinsi alivyonitetea nilipoitwa mwongo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilizaliwa Kibondo, na utoto wangu una harufu ya moshi na nta. Baba alikuwa mrina asali. Akirudi kutoka porini, kabla hata ya kuvua koti, alishika kidole changu akakichovya kwenye ndoo. "Usilambe kwanza. Sugua, usikie uzito." Nilisugua kwa gumba, ndipo nikalamba. Hadi leo nikikumbuka, mate hunijaa. Alipofariki aliniachia mizinga yake. Nimeolewa hapa Kasulu. Kaka yangu hurina kule, mimi huipima asali kwa kidole, kama baba alivyonifundisha, na kuifungasha.

Ndugu zangu, mwaka juzi nilikutwa na kisukari. Daktari akasema changu bado kinaweza kutulizwa kwa chakula, bila vidonge. Nikapunguza ule mlima wa ugali wa muhogo tuliouzoea, nikaongeza maharage na mboga, na asali nikaiacha kabisa. Nasema kabisa. Kuna asubuhi nililia mbele ya ndoo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikanunua kipimo cha sukari, nikawa najipima kila asubuhi kabla ya kula.

Kikasoma kumi na saba, na daktari alitaka isizidi saba. Kesho yake kumi na tisa. Lakini nikienda kliniki, sita. Jumapili nyumbani, sita.

Mume wangu mwanzoni alicheka. "Mama Neema, kumbe kulamba kwako kuna ratiba. Siku ya kliniki unajizuia, Jumapili unamwogopa Mungu."

"Silambi, Baba Neema."

"Basi nyuki wanakulisha usingizini."

Baadaye hakucheka tena. Alisema mizinga ya baba iuzwe, maana hawezi kukaa akitazama asali ikiniua. Kaka yangu akakubaliana naye. Nikajinyima chakula hadi miguu ikakosa nguvu, na namba zikabaki juu. Nikaanza kujishuku: labda nalamba bila kujua? Nilipiga magoti nikasema, Bwana, wewe unaujua ulimi wangu, nitetee.

Mnunuzi wa mizinga alikuwa aje Jumamosi. Ijumaa asubuhi akaja muuguzi wa kliniki kununua asali. Alinikuta nimemaliza kufungasha, nimejifuta kwenye kitenge, nachoma kidole. Kumi na nane. Nikamwonyesha huku machozi yakinitoka. Yeye hakutazama kipimo, alitazama mkono wangu.

"Mama, hicho kidole unachochoma ndicho unachochovya kwenye ndoo?"

"Ndicho."

"Na umenawa?"

"Nimejifuta."

"Hebu kanawe kwa sabuni."

Nikanawa, nikakausha, nikachoma upya. Sita nukta moja. Akanieleza taratibu: tone la damu ni dogo sana, likichanganyika na asali iliyobaki kwenye ngozi, kipimo husoma na sukari ya asali hiyo. Jumapili huwa sifungashi. Siku ya kliniki huoga na kunawa kabla ya kutoka. Nilikuwa sidanganyi mtu.

Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Nisamehe, mama. Nimekuita mwizi wa asali yako mwenyewe." Akachukua simu, akamwambia yule mnunuzi asije.

Ndugu zangu, mizinga ya baba bado iko porini Kibondo, na sukari yangu naituliza kwa chakula hadi leo. Namshukuru Mungu aliyenisikia. Nawe unayeogopa namba zako, mtumaini, na msaada wake ukija kwa kinywa cha mtu, usiudharau. Kesho ukitaka kujipima, nawa mikono kwa maji na sabuni, ikaushe vizuri, ndipo uchome kidole. Namba ikiwa juu, nawa tena upime kidole kingine. Ikibaki juu, nenda kliniki siku hiyohiyo.