Boti ya Bata na Taya la Kiboko

Kama hujawahi kuketi kwenye benchi la Abdirizak, muuza kahawa wa mtaa wa Lucky Summer, huwezi kujua watu wazima wanavyoweza kuichezea saa ya chakula. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya mawe mawili, limeegemea ukuta wa Bembea, lile godauni kuukuu lenye mto ndani yake. Ndiyo, mto, chini ya paa la mabati: mfereji wa saruji unaozungukazunguka gizani, boti za umbo la bata zinazosukumwa na maji ya pampu, wanyama wa mbao kila kona, halafu mteremko mmoja wa ghafla unaokulowesha mpaka soksi. Watoto wa Huruma na Baba Dogo wamelowa humo tangu miaka ya tisini. Sasa ni mwaka wa pili mto umefungwa ukarabatiwe, kazi iliyosemekana itachukua miezi mitatu, na benchi halijapata kukosa la kusema.

Alhamisi hiyo mzee Matheka aliketi mwisho wa benchi, kikombe mkononi, asinywe. Yeye ndiye aliyewachonga wale wanyama, enzi hizo akiwa na nguvu zake, katoka Wamunyu na patasi tatu ndani ya gunia. Mwaka huu walimwita tena awatengeneze. Simba akarudishiwa mkia, twiga akanyooshwa shingo, na kiboko akachongewa taya jipya la chini, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa limeoza. Basi tangu taya lile lifungwe, kila boti inayojaribiwa ikifika chini ya kiboko inasimama kama imeitwa jina. Imesimama mara kumi na moja. Msimamizi wa kazi, Bi Nangila, akachoka, akatoa amri: leo saa nane mchana taya lile likatwe kwa msumeno, na kiboko mwenyewe aondolewe, awekwe wa plastiki. Ilikuwa saa saba na robo.

Benchi lilikuwa limekaa kumtetea kiboko. Wakili hakuwepo, lakini mdomo ulikuwepo wa kutosha.

— Wasee, kiboko hana makosa, alisema Luseno. Jina lake la benchi ni Injinia, kwa sababu ya helmeti ya manjano ambayo haivui hata akila. Kazi yake kule ndani ni kushika mpira wa maji. — Mimi niko hapo site kila siku, naona. Shida ni maji.

— Maji yamefanya nini? Abdirizak akauliza huku akimimina kahawa.

— Yamechoka! Hayo maji ni yale yale tangu tisini na sita. Yanazunguka tu, bana, yanazunguka tu. Hata wewe uzungushwe hivyo miaka yote, ukifika kwa kiboko si utataka kupumzika?

— Lakini mwezi wa tatu si mlimwaga, mkaweka mengine?

— Tulimwaga ya juu. Ya chini yalibaki. Na hayo ndiyo mazee yenyewe.

Ndete akaguna. Ndete ni dereva wa kanta, lori dogo la kubebea viazi, lililokuwa limeegeshwa pale pale mbele ya benchi na mzigo wake wote, na kwake hakuna tatizo duniani lisiloeleweka kwa mtu aliyewahi kushika usukani.

— Achana na maji, alisema. Hizo boti zilitoka wapi? Ng'ambo. Mitumba. Huko kwao zilizoea kupita upande wa kulia. Huku sisi tunapita kushoto. Sasa ikifika kwa hiyo kona ya kiboko inachanganyikiwa, haijui impishe kiboko ama kiboko aipishe.

— Boti haina usukani, Ndete.

— Si ndiyo shida yenyewe! Ingekuwa na usukani ningeupeleka gereji Kariobangi, wangeuhamisha kwa siku moja. Hii ukaidi wake uko ndani ya mwili.

— Waheshimiwa, akaingilia Zedekiah, na wote wakajua kwamba sasa watakaa sana. Zedekiah alistaafu ukarani, na benchi humwita Hansadi kwa kuwa hudai anakumbuka kila lililowahi kusemwa. — Mnaongea bila ramani. Godauni hili limesimama juu ya ploti mbili. Mbili! Na mpaka wa hizo ploti unapita wapi? Chini ya kiboko. Kuna kesi tangu elfu mbili na nne, na korti ilitoa order: kitu chochote kisivuke mpaka huo hadi kesi iishe.

— Sasa boti imesoma order? Luseno akauliza.

— Si lazima isome. Order ikishatolewa, imetolewa.

— Na zamani ilikuwa inavuka vipi?

Zedekiah alikunywa kahawa taratibu, akafuta masharubu.

— Zamani watu hawakuwa wanaheshimu sheria.

Ndete alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Mzee Matheka hakucheka. Alikuwa akiangalia saa ya Zedekiah, ambayo mshale wake mrefu ulikuwa umeanza kuteremka.

— Mimi nitawaambia ukweli, alisema Abdirizak. Ni kicheko. Huyo kiboko anacheka, walai. Nikimpelekea fundi kahawa kule ndani, mimi mwenyewe husimama. Unajikuta unacheka naye na hujaambiwa kitu. Sasa boti ni nani, ipite hivyo bila hata salamu?

Maneno hayo yalimchoma Matheka mahali ambapo Abdirizak hakupajua. Kicheko kile kilikuwa na mwenyewe. Kilikuwa cha Kavinya, mkewe, aliyewapikia mafundi githeri ya mahindi na maharagwe wakati mto ulipokuwa ukijengwa. Kavinya akicheka alirusha kichwa nyuma na kulitoa taya mbele, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya barabara ya Outer Ring. Matheka alimchonga kiboko akimwangalia yeye, na hakumwambia mtu, maana mwanamume hawezi kwenda kutangaza kwamba amemchonga mkewe kiboko. Kavinya alijua mwenyewe, akamfukuza na mwiko siku hiyo, halafu akarudi kumwangalia tena. Sasa ana miaka saba chini ya udongo wa Wamunyu. Nyumbani imebaki picha yake moja tu, na katika picha hiyo amefunga mdomo, kwa sababu mpiga picha alimwambia atulie. Pa kumwona akicheka pamebaki pale kwenye mto, na saa nane msumeno unakuja.

Tena kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua. Asubuhi hiyo aliingia peke yake na tochi, akakuta kwenye mdomo wa kiboko mkwaruzo mpya wenye rangi ya manjano, rangi ya bata. Boti zilikuwa zinagonga kweli, kichwa cha bata kwa mdomo wa kiboko. Akautoa mkebe wa kiwi ya viatu ambao kila mchongaji wa Wamunyu hutembea nao, akapaka, akasugua kwa kitambaa hadi mkwaruzo ukapotea.

— Fundi, na wewe sema kitu, Luseno alimgeukia. Hilo taya ulipima poa?

— Nilipima.

— Nauliza tu, mzee wangu. Macho pia huchoka.

— Nililaza lile la zamani juu ya ubao, nikachora ukingo wake wote. Nilipima, Luseno.

Abdirizak akawaongezea wengine kahawa.

Saa saba na nusu ilikuwa imepita pale mwanamke mmoja alipokuja na beseni kiunoni, akaomba kahawa. Alikuwa mgeni mtaani. Akaisubiri ipoe akiwa amesimama, na benchi, kama ilivyo desturi yake, likamsimulia kesi nzima kwa sauti nne kwa pamoja: maji mazee, boti ya mkono wa kulia, order ya korti, kicheko. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, na kwa hilo pekee alikuwa tayari tofauti nao.

— Samahani, akasema. Mimi naitwa Nerima, nimehamia hiyo ploti ya geti ya kijani. Hiyo boti ikisimama, huwa imebeba watu wangapi?

— Hakuna mtu, mama, Luseno akajibu. Iko empty. Ni sheria ya Bi Nangila: mtu asipande mpaka ipite tupu mara tatu bila kukwama.

— Sawa. Na kabla mto ufungwe, boti tupu zilikuwa zinapita?

Luseno akamgeukia Ndete. Ndete akamtazama Zedekiah, mwenye kumbukumbu zote. Zedekiah akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba Hansadi yenyewe imo humo. Miaka yote ile foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Kila bata aliondoka na watoto sita na mwalimu mmoja mbele akipiga kelele wakae chini. Boti tupu ikipita chini ya kiboko? Benchi zima halikuwa na mtu aliyewahi kuiona.

— Mimi kwetu ni Budalang'i, Nerima aliendelea. Maji yakifurika tunavuka na mtumbwi. Ukiwa mtupu pua inasimama juu. Watu wakiingia ndipo inashuka. Nimeuliza tu.

Kahawa ya mzee Matheka ikamwagikia viatu. Alikuwa amesimama.

— Ni Kavinya, alisema.

— Nani?

— Mke wangu. Siku ya kupima nilimkalisha mbele kabisa, halafu nikaacha nafasi ya kiganja kimoja juu ya kichwa cha bata. Nikamwambia asitikisike. Alikuwa anacheka tu. Kiboko nilimpima boti ikiwa na Kavinya, wazee. Na Kavinya alikuwa mtu kamili.

— Kamili kiasi gani? Ndete akauliza kwa upole, kama dereva anayeuliza uzito wa mzigo.

— Gunia la viazi na nusu.

Wote wakageuka kwa pamoja, wakaiangalia kanta.

— Lakini sheria imekataza, Luseno akasema.

Zedekiah akasimama, akafunga kifungo cha koti. Miaka mingi alikuwa akiingoja siku hii.

— Sheria imekataza watu. Viazi haikuvitaja popote.

Saa nane kasoro dakika tano walimkuta Bi Nangila kando ya mfereji, na fundi mmoja nyuma yake akichomeka waya wa msumeno. Magunia yalikuwa yakiingia mgongoni mwa Luseno, mgongoni mwa Ndete, moja likiburutwa na Abdirizak na Nerima. Zedekiah alizungumza juu ya watu na viazi mpaka Bi Nangila akainua mkono.

— Hansadi, nimesikia. Mara moja tu. Ikikwama, tunakata.

Wakaweka magunia sita, badala ya watoto sita. Mzee Matheka akaomba jingine mbele, kwenye kiti cha kwanza, na nusu ya jingine juu yake. Pua ya bata ikashuka polepole. Pampu ikanguruma, boti ikaondoka, nao wakaifuata kwa miguu juu ya kijia, tochi mkononi. Matheka alifika kwa kiboko akiwa hana pumzi. Bata akaja, akainamisha kichwa chini ya mdomo ule mkubwa unaocheka, akapita. Katikati yao palikuwa na kiganja kimoja. Halafu ukasikika mteremko, maji yakaruka hadi kwenye mabati, na viazi vikatoka upande wa pili vimeoshwa safi.

— Mara mbili zaidi, alisema Bi Nangila, lakini alikuwa amempa yule fundi ishara achomoe waya.

Ikapita mara mbili zaidi. Mzee Matheka akamwita Bi Nangila kando, akamwonyesha mahali alipopaka kiwi, akakipitisha kitambaa hadi mstari wa manjano ukajitokeza mdomoni mwa kiboko. Bi Nangila aliumulika kwa tochi. Akasema kwamba angepaswa kumwambia asubuhi. Matheka akasema ni kweli, na kwamba aliogopa. Bi Nangila akamwangalia kiboko kwa muda, na bila kujijua akawa anatabasamu.

— Sasa watu, akasema. Ninyi mlioleta viazi, pandeni.

Boti ikavutwa hadi ukingoni mwa kijia, pale pale kwa kiboko, wakaanza kushusha magunia, wakigombania viti kama watoto wa darasa la tatu. Luseno alikimbilia mbele, akalishika lile gunia la kwanza alitoe akae yeye.

— Hilo liache, Matheka akamwambia. Hapo pana mwenyewe.

Luseno alimtazama mzee, akamtazama kiboko juu yao, na taya lile lililotoka mbele kwa kucheka. Kisha akaivua helmeti yake, akaipakata, akaenda kukaa nyuma na wengine.