Koti la Mwaka 2030

Mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye tramu ya Roma alikuwa akishona koti la ngozi lililobandikwa vichujio vya tambi vilivyopakwa rangi ya fedha. Mzee wa pembeni yake akamuuliza ni la nani.

"La shujaa wa filamu, mzee wangu. Mwaka 2030, dunia imekwisha."

"Dunia imekwisha, nyuzi zimebaki?"

"Mwongozaji anataka limpasukie Loredana, mwigizaji wake, kifuani akipigana. Binti hataki, na hakuna anayemsikiliza. Basi nashona kwa uzi wa kuvulia samaki."

"Watakufukuza, mama."

"Wanifukuze. Mkanda wa filamu uliobaki unatosha kupiga tukio hilo mara moja tu. Lisipopasuka, ndiyo imetoka hiyo."

Mzee akasema amewashonea mapadri kanzu miaka arobaini, na hakuwahi kumdanganya aliyemlipa.

"Mapadri hawakutaka ziwapasukie," mama akajibu. Mimi nikainua gazeti juu kidogo.

Tramu iliposimama Porta Maggiore, mama akalikunja koti, upande wa kulia ukiwa bado haujashonwa. "Huu wa kesho," akasema, akainuka.

"Bado nasema unakosea," mzee akamwambia. "Lakini anzia kwapani. Ndiko kunakoanza kupasuka."