Mnyama wa Kifuani mwa Mfalme

Kijiweni kwa Salmini muuza kahawa, nyuma ya soko la Tabora, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, rupia moja ya fedha ilitusahaulisha hata sukari iliyoadimika. Ilining'inia katikati ya kidani cha marehemu Bibi Salme, na Tufaha alikuwa amekiomba kidani hicho kiwe mahari yake. Ndoa ni Ijumaa. Hamdun, bwana harusi na mjukuu wa marehemu, alikileta ili Lukumani, baba mdogo wa Tufaha na walii wake, akikubali. Lukumani tunamwita Kadhi ingawa anauza chumvi. Alivaa miwani, akamtazama usoni mfalme wa Kiingereza aliyechorwa kwenye rupia, akashuka mpaka kwenye mkufu wa kifuani, akakisukuma kidani pembeni.

Kadhi: Huyu mnyama aliyevaliwa na mfalme ni nguruwe.

Hamdun: Ni tembo, baba.

Kadhi: Mkonga uko wapi?

Abasi hukusanya sarafu za kale kwenye kopo la maziwa, ndiyo maana anaitwa Makumbusho. Ile rupia alikuwa anaitamani waziwazi.

Makumbusho: Hii ni ya 1911. Kule India Waislamu waliikataa kwa sababu hiyohiyo. Serikali ikaziyeyusha nyingi, mwaka uliofuata wakachora mkonga unaoonekana. Hamdun, kama inakusumbua niachie mimi.

Kadhi: Umesikia? Wenyewe wameikataa, mimi ni nani?

Hamdun: Makumbusho, umenisaidia sana.

Nilimwonea huruma kijana, maana mahari nyingine hana. Ndipo akaingilia Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi.

Balozi: Ilikuwa makusudi. Zilizokataliwa wakatutupia sisi. Huo ni unyonyaji.

Makumbusho: Zililetwa na askari wa Kihindi, vita vya Mjerumani.

Balozi: Haya, Mjerumani naye si alitoa sarafu ya tembo hapahapa Tabora? Mwingereza alimkata wake mkonga ili wasifanane.

Makumbusho: Tembo wa Mjerumani alikuja miaka mitano baadaye.

Balozi: Mwingereza alijua mapema. Ana majasusi.

Hapo akaketi mgeni, Eustace, anayesubiri treni ya Bukene. Shingoni ana msalaba.

Kadhi: Ndugu, unafuga nguruwe?

Eustace: Nafuga, mzee. Shikamoo.

Kadhi: Marahaba. Mtazame huyu.

Eustace: Mdogo mno. Hata angekuwa kuku nisingemjua. Kidani cha nani?

Hamdun: Cha bibi yangu. Alikuwa mwalimu wa chuo. Wazee wote hawa amewasomesha Kurani.

Eustace: Amekivaa hiki?

Hamdun: Hakuwahi kukivua.

Kweli. Akiinama kutuonyesha herufi, rupia ilikuwa inatugusa paji la uso.

Eustace: Sasa wakati ule mliona mnyama gani?

Makumbusho akainama kwenye kikombe. Balozi akasogeza chake aongezewe. Salmini aliinamisha dele la kahawa, yakatoka machicha matupu.

Kadhi alivua miwani, akakiviringisha kidani kwenye kitambaa chake mwenyewe, akakitia mfukoni. Kisha akamwuliza Hamdun, bila kumtazama, Ijumaa pilau linaliwa saa ngapi.