Damari Msengi na Benchi la Kliniki ya Upasuaji

Damari Naftali Msengi, anayelazwa leo katika ardhi ya Iguguno, alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Naftali Msengi na Bibi Raheli. Mama yake alizoea kusema kwamba binti huyu alikuja kati ya palizi ya kwanza na ya pili, na kwamba shamba halikumsubiri yeyote kati yao wawili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972. Alisoma vizuri kwa sauti, hivyo majirani wasiojua kusoma wakamfanya msomaji wao wa barua. Siku moja mama wa jirani aliletewa barua kutoka kwa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Damari akasoma salamu, akafika katikati, akanyamaza.

"Endelea," mama yule akamwambia.

"Yanayofuata si mazuri, mama."

"Ni yangu hayo. Soma."

Akasoma yote. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kisa hicho alikisimulia hadi uzeeni, kila mara akishusha sauti alipofika kwenye lile neno "ni yangu".

Oktoba 1977 aliajiriwa kuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali ya misheni wilayani Iramba. Alianza kwa kupiga deki na kuchemsha vifaa. Huko ndiko alikokutana na Calist Kiula, fundi baiskeli aliyevunjika mkono kwa kuanguka na baiskeli aliyokuwa akiijaribu. Mkono ulipona ndani ya wiki sita, lakini Calist aliendelea kuja. Mara ya tatu daktari akamuuliza, "Bado unaumwa wapi?" Calist akajibu, "Siumwi, daktari. Nimekuja kumsalimia yule dada." Walifunga ndoa kanisani Iguguno Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1980. Mungu aliwajalia watoto watatu, na kuanzia alipozaliwa wa kwanza, wilaya nzima ilimjua Damari kwa jina la Mama Loyce.

Mwaka 1984 alihamishiwa kliniki ya upasuaji, iliyofanyika Jumanne na Alhamisi. Wanaoikumbuka kliniki ile wanakumbuka benchi refu la saruji nje ya mlango wa daktari, harufu ya dawa ya kuoshea sakafu, na watu waliofika alfajiri na malori kutoka Sekenke na vijiji vya bondeni, madaftari yao ya matibabu yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Kazi ya Damari ilikuwa kuita majina. Lakini alikuwa na tabia ya kumtazama mgonjwa anapotoka. Kisha alimwuliza, kwa Kinyiramba au Kinyaturu, kutegemea mtu katoka wapi, "Daktari kasemaje?" Na jibu alilolipata mara nyingi kuliko yote lilikuwa, "Sijui, mwanangu, ila ameandika sana."

Jumanne ya tarehe 15 Agosti 1989 alitoka Mzee Alute, mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Sekenke, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kimeoza hadi kwenye mfupa. Alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji wa kesho yake. Uso wake ulikuwa na furaha. Akamwomba Damari amtafutie mtu wa kupeleka habari nyumbani kwamba baada ya wiki mbili atarudi shimoni.

Damari akauona ule mguu, akaiona ile karatasi, akaelewa kwamba mzee hajaelewa. Akagonga mlango na kuingia. Daktari Antipasi alikuwa mgeni mkoani, kijana hodari wa kisu, mwenye wagonjwa thelathini wakimsubiri.

"Daktari, samahani. Yule mzee hajui anakatwa mguu."

"Nimemweleza, na amekubali kila nilichomwambia."

"Amekuitikia kwa heshima. Mwulize mwenyewe anadhani unakata nini."

"Dada, kazi yako ni kuita majina."

Damari hakutoka. Baadaye alisema kwamba aliogopa kufukuzwa kazi, maana Joshua, mtoto wake wa pili, alikuwa bado mdogo na mshahara ule ulikuwa ukihitajika sana. Akasema, "Basi nimeita jina lake tena, daktari. Yupo mlangoni."

Mzee Alute akaingia, akaketi. Daktari akamwuliza kesho atafanyiwa nini. Mzee akajibu kwa utulivu, kama mwanafunzi aliyejiandaa, "Umesema utaondoa sehemu iliyoharibika. Utakwangua nyama mbovu, halafu mguu utajaza nyama mpya."

Daktari akaweka kalamu chini. Kisha daktari akainuka, akaizunguka meza, akavuta stuli na kuketi karibu na mzee, magoti kwa magoti. Akamweleza upya, Damari akitafsiri neno kwa neno kwa Kinyiramba, hadi mkono wa daktari ulipogusa chini ya goti na kuonyesha kisu kitapita wapi.

Mzee akalia. Alipomaliza akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ametarajia: mguu wenyewe utazikwa wapi, na je, mtu wa mguu mmoja anaweza kupepeta mchanga wa dhahabu akiwa amekaa? Akaomba siku tatu akaongee na mkewe. Daktari alimwonya kwamba kila siku ni hatari, akampa sindano na dawa, akamruhusu. Ijumaa mzee akarudi na mkewe, na safari hii alitia dole akijua. Alikatwa mguu, akapona, akaishi miaka kumi na tisa zaidi, na kila mavuno alimletea Damari debe la karanga.

Daktari Antipasi hakuomba radhi kwa maneno. Alhamisi iliyofuata Damari alipofungua chumba alikuta meza imesukumwa ukutani na viti viwili vimewekwa pamoja. Kuanzia hapo hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya kuulizwa, "Ukifika nyumbani, watakapokuuliza daktari kasemaje, utawajibu nini?" Aliyekosea alielezwa tena. Foleni ikawa ndefu, kliniki iliyokuwa ikiisha saa saba ikawa inaisha saa tisa, na wenzake wengine walinung'unika. Damari aliwapelekea chai.

Hakuwa mtu wa kusamehe upesi, na watoto wake wanalijua hilo. Alikuwa na haraka ya kusahihisha mtu mbele ya watu. Lakini Calist alipougua moyo na kufariki Mei 2011, ni yeye aliyewaita watoto wote na kuwaeleza ugonjwa wa baba yao hatua kwa hatua, bila kuficha. Alistaafu Machi 2017 na kurudi Iguguno kulima alizeti.

Novemba 2022 aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikaa nao miezi miwili bila kumwambia mtu, yeye aliyewagombeza mamia ya wanawake kwa kuchelewa. Januari 2023 Loyce alimpeleka Dodoma kwa daktari bingwa wa upasuaji, binti wa umri wa mwanawe. Damari aliitikia kila kitu. Walipofika kwenye ngazi, Loyce akamwuliza, "Mama, umeelewa?"

"Amesema nirudi Jumatano."

"Na kuhusu uvimbe?"

"Aliposema saratani, masikio yalijifunga. Sikusikia kingine."

Wakakaa kwenye ngazi kidogo. Kisha Damari akainuka, akarudi, akagonga mlango. "Daktari, mwanangu, nisamehe. Nimekaa kliniki ya upasuaji miaka thelathini na mitatu, na leo nimekuitikia tu. Sikuelewa." Daktari akageuka kutoka kwenye kompyuta, akachukua karatasi, akachora titi na kwapa, akaanza upya. Damari alifanyiwa upasuaji Februari 2023, akapata mwaka mmoja mzuri wa kulima, kuimba kwaya na kugombana na mbuzi wa jirani.

Machi 2024 ugonjwa ulionekana kwenye ini. Akauliza, "Kuna kupona?" Daktari akamwambia, "Hakuna, mama. Kuna kupunguza maumivu." Damari akamshika mkono na kusema, "Ahsante kwa kunipa yaliyo yangu." Akachagua kurudi nyumbani.

Wiki ya mwisho mjukuu wake Jesca, mwenye miaka saba, alikuwa ameambiwa na wakubwa kwamba bibi anajiandaa kusafiri. Damari akamwita kitandani.

"Bibi hasafiri. Bibi anakufa. Kaa hapa, uniulize unachotaka."

Jesca akafikiri. "Utaumia?"

"Kidogo. Dawa ninayo."

"Nani atanisuka?"

"Mama yako mdogo Agripina. Anavuta nywele, ila mwambie apunguze, atakusikia."

Jesca akapanda kitandani, akalala ubavuni pake hadi jioni, na hakuuliza tena.

Damari alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba, dada yake Evodia akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu: Loyce, Joshua na Agripina, wajukuu saba, ndugu wawili, Evodia na Joseph, na watu wengi wa Iramba na Mkalama ambao familia haiwajui kwa majina, lakini tangu Jumapili wamekuwa wakifika hapa nyumbani, mmoja mmoja, wakionyesha makovu yao na kueleza yalipatikanaje.

Mama Loyce, Mungu akupokee. Pumzika kwa amani.