Mchango wa Maswali kwa Ajili ya Kabula

Padri ameniambia niseme kwa kifupi. Nimemjibu, Padri, mimi nilikaa kimya karibu miaka miwili, sasa kifupi nitakitoa wapi? Basi nivumilieni. Wenye watoto wanaolia watoke nao kidogo kivulini, warudi. Wengine kaeni.

Mnanijua. Mimi ni Mama Kabula. Wiki iliyopita mtu mmoja, jina silitaji, alinisimamisha kwenye njia ya Runzewe akaniuliza, "Mama Kabula, mtoto alishazikwa zamani, bado tu unachangisha?" Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka kumpiga na jembe. Sikumpiga. Nikasema nitamjibu mbele ya watu wote, mara moja, nisiulizwe tena. Jibu lake ndilo hili.

Kabula alizaliwa mvua za kwanza, ndiyo maana ya jina lake kwa wasiojua Kisukuma. Mtoto wa kucheka. Tukikaa kuchambua pamba alikuwa anawaigiza watu wa kijiji mmoja mmoja, namna balozi wetu wa nyumba kumi anavyokohoa kabla ya kusema, namna shangazi yake anavyokataa uji huku ameshika kikombe. Tulikuwa tunacheka mpaka pamba inachanganyika, safi na chafu.

Alipokuwa na miaka tisa akaanguka darasani. Mwalimu akamrudisha nyumbani siku hiyohiyo na barua. Barua ilisema akae nyumbani mpaka apone, asije akawaambukiza wenzake. Mpaka apone! Kama vile ni mafua. Baba Kabula akaikunja ile barua akaiweka mfukoni, na shule ya Kabula ikaishia mfukoni humo.

Tukaanza kuhangaika. Mganga wa kwanza alisema ni mizimu ya upande wa baba. Wa pili akasema ni ya upande wa mama. Wa tatu, yeye alikuwa na busara, akasema ni pande zote mbili. Ng'ombe wakatoka zizini. Mtoto akachanjwa, akafukizwa, akanyweshwa vitu ambavyo hata mbuzi angevikataa. Shangazi yake akasema aozwe, akizaa kifafa kitaisha. Jirani mmoja akasema asile kuku. Mwingine akasema ale kuku, lakini mweusi. Mnacheka? Chekeni. Mimi wakati ule sikuwa nikicheka, nilikuwa natafuta kuku mweusi.

Hospitali ya misheni ipo. Mlango wake mnaujua. Sikumpeleka. Kila mtu aliniambia kifafa si ugonjwa wa hospitali, na mimi nikaamini, maana waliosema hivyo walikuwa wengi.

Alipofikisha miaka kumi na saba, mwezi wa kiangazi, alikwenda lamboni kuchota maji na wanawake wengine. Nilikuwa nimemkataza asiende peke yake, naye hakwenda peke yake. Walikuwa watano pamoja naye. Akaangukia ukingoni, uso ukaingia majini. Maji yenyewe, ndugu zangu, hayakufika magotini. Mtoto mdogo angekaa pale akacheza. Wale wanne waliweka ndoo chini, wakarudi nyuma, wakapiga yowe. Walipiga yowe vizuri sana, tuliwasikia mpaka shambani. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono amgeuze, maana povu la kifafa linaambukiza, ndivyo tulivyofundishwa sote. Baba Kabula alifika akikimbia, akamtoa. Alikuwa ameshakwenda.

Sasa niseme nilivyoanguka mimi.

Nilizika nikarudi nyumbani nikafunga mdomo. Mtu akinisalimu "mwangaluka, mayu," naangalia pembeni. Kanisani sikukanyaga. Padri alikuja, nikamwacha amekaa na Baba Kabula, mimi nikatokea mlango wa nyuma. Msimu ule pamba yetu ilipasukia shambani ikachafuka na mvua, sikuokota hata kikapu kimoja. Wale wanawake wanne nikawa nawajua kwa nyayo zao barabarani. Nikiona nyayo zao nakanyaga pembeni. Nilikuwa nikilala na hasira na kuamka nayo, na katikati hakuna usingizi. Baba Kabula alikuwa anapika ugali mwenyewe, mbaya, umejaa madonge, ananiwekea mbele. Mwanaume wa Kisukuma, anapika, na watu wanamwona! Hakuninung'unikia hata siku moja. Siku moja tu alisema, "Mama Kabula, mimi nimemzika mmoja. Wawili siwezi." Akanipandisha kwenye baiskeli akanipeleka hospitali ya misheni.

Daktari aliniuliza kwa nini silali. Nikamwambia. Yote nikayasema, kama maji yaliyobomoa tuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Alikuwa anakunywa vidonge gani?"

Nikasema, "Vidonge gani?"

Akafungua kabati lililokuwa nyuma yake. Akatoa kopo. Vidonge vidogo vyeupe. Akasema, "Hivi. Havimponyi kila mtu, na ni vya kumeza kila siku. Lakini wengi vinawapunguzia kuanguka, na wengine hawaanguki tena."

Ndugu zangu, kopo lilikuwa kabatini. Hatua chache tu kutoka kwenye benchi ambalo nilikalia miaka yote ile nikipeleka watoto wenye malaria! Nikampigia daktari kelele mpaka muuguzi akaingia. "Kwa nini hamkusema? Kwa nini hamkutuambia?"

Naye akanijibu kwa sauti, amechoka vilevile kama mimi. "Kwa nini hamkumleta? Ningewaambia akina nani? Wenye kifafa wa huko kwenu siwajui. Mnawaficha! Sijui wako wangapi, sijui wameanza lini, sijui kwa nini vijiji vingine naambiwa wako wengi na vingine hawapo. Nimeomba kufanya utafiti tangu nilipofika. Nyumba kwa nyumba, kuuliza. Baiskeli sina, matairi hayapatikani, karatasi zenyewe nazigawa nusu, na muuguzi wangu hajui Kisumbwa."

Nikamuuliza, "Ukipata baiskeli utauliza?"

Akasema, "Nitauliza mpaka wanifukuze."

Njiani kurudi nikamwambia Baba Kabula, nitachangisha. Kwa jina la Kabula. Alikanyaga pedali mpaka nyumbani. Halafu akasema, "Anza na mimi," na akatoa baiskeli ileile tuliyoikalia.

Nikadhani kazi imekwisha nusu. Masikini mimi.

Nilikwenda kwanza kwa balozi. Akakohoa, akasema jambo hili linahitaji mkutano. Mkutano ukaitishwa. Mkutano ukaamua kwamba kabla ya mkutano kuwe na kikao cha kuandaa mkutano. Nilihudhuria vikao vya kuandaa mpaka viatu vikaisha. Siku ile ya mkutano wenyewe mzee mmoja akanyanyuka.

"Huo utafiti ni dawa?"

Nikasema, "Hapana, baba. Dawa ipo."

"Ni jengo?"

"Hapana."

"Ni kitu gani basi?"

"Ni kwenda kuuliza watu, kuandika majibu, ili daktari ajue ugonjwa uko wapi na unatoka wapi."

Mzee akageukia wenzake. "Kwa hiyo tunachangia maswali."

"Ndiyo, baba. Tunachangia maswali."

"Mama Kabula, maswali tunayo bure."

Mkutano mzima ukacheka. Nikarudi nyumbani na mikono mitupu.

Haikupita wiki ikaanza hadithi nyingine. Daktari alisema ataomba tone la damu kwenye kidole, kuangalia wadudu. Tone! Kufika mnadani tone limekuwa kikombe, kufika Ushirombo kikombe kimekuwa debe, na mimi nimekuwa wakala wa mumiani. Wanawake wakawa wanaingiza watoto ndani nikipita. Ndugu yangu wa damu, tumbo moja, akasema nakula kwa mgongo wa marehemu. Kula nini? Nilikuwa nimekusanya majogoo mawili, debe la mahindi na kandambili moja ambayo mpaka leo sijui nani aliichangia, na ya mguu gani.

Waliochanga bila kuniuliza maswali walikuwa wale mnaowaita wahuni. Wachimbaji wa dhahabu, kule upande wa Geita. Nilikwenda kumtafuta binamu yangu, nikawaeleza wakiwa wamekaa kando ya duara lao, yaani shimo la kuchimbia, wamejaa vumbi mpaka kope. Mmoja akasema, "Mama, mwenzetu alikuwa na hiyo. Ilimshika akiwa juu ya ngazi ya shimo." Wakapitisha kofia. Tukapata baiskeli ya pili, na matairi, ambayo wakati ule hata ofisini yalikuwa hayapatikani. Niliporudi, mwanakamati mmoja wa kanisa letu hili, jina silitaji, akasema hiyo ni pesa ya dhambi, tujadili kama tuipokee. Nikamwambia jadilini, baiskeli imeshaondoka.

Sasa sikilizeni. Nafika penyewe.

Jumapili moja baada ya misa, Padri alinipa nafasi kama leo. Nilisimama hapa, nimekuja na majogoo yangu tuyanadi. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Hakuna aliyetaja bei. Jogoo peke yake ndiye aliyesema. Mimi uvumilivu ukakatika. Nikapaza sauti, "Mliokuwa lamboni mpo humu! Nawaona! Mlimwangalia mwanangu akifa kwenye maji ya kuoshea miguu, na leo hata jogoo mnashindwa kununua!"

Mwanamke mmoja akasimama, mmoja wa wale wanne. Akasema, "Mama Kabula, nilikuwepo. Niliogopa. Nimekuwa nikiogopa kukujia tangu siku ile. Lakini naomba nikuulize kitu. Kabula alipokuwa anaanguka nyumbani kwako, wewe ulikuwa unamshika?"

Ndugu zangu.

Nilifungua mdomo nijibu. Ningeweza kudanganya, Baba Kabula asingenisaliti. Lakini nilimwona mwanangu sakafuni, na nikajiona mimi nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nasimama mlangoni. Miaka minane, mimi mama yake, nilikuwa nasimama mlangoni namwita jina mpaka atulie, ndipo naingia. Bakuli lake la chakula lilikuwa la peke yake, na lilikaa chini, mbali na vyombo vyetu. Yeye mwenyewe alikuwa analiosha. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Nikasema mbele ya watu wote, "Hapana. Sikumshika."

Yule mama akaanza kulia. Akasema, "Mimi ninaye wa kiume. Ana miaka kumi na minne. Hamjamwona kwa sababu yuko ndani. Mwandike. Mwandike wa kwanza." Akasogea mbele, akamchukua jogoo mkononi mwangu kama vile ni wake siku zote.

Baada yake akasimama baba mmoja upande wa kulia, akasema ana mke. Kisha bibi, ana mjukuu. Kisha yule mzee wa maswali ya bure, mwenyewe, kwa miguu yake. Akasema, "Binti yangu mkubwa," akakaa. Mnakumbuka nyinyi mliokuwepo. Siku ile tulianza kuandika majina kabla hatujamaliza kuchanga.

Muuguzi alizunguka misimu miwili na baiskeli zetu, pamoja na mama mmoja wa kumtafsiria Kisumbwa. Nami nilifuatana nao mara nyingi. Nyumba ya yule mama aliyesimama kanisani ndiyo tuliyoanza nayo. Hata hatujaanza kuuliza, kijana akaanguka palepale. Muuguzi alikuwa anashusha mizigo nje. Nilikuwa karibu zaidi kuliko mtu yeyote. Nikapiga magoti, nikamgeuza ubavu, nikashika kichwa chake kwenye mapaja yangu mpaka kifafa kikapita. Povu liliingia kwenye kanga yangu. Ni mate, ndugu zangu. Mate tu, ya mtoto wa mtu.

Daktari hajajua yote, na nitawakasirikia mkisema ameshajua. Amejua kwamba wengine walianza baada ya homa kali za utotoni, wengine walizaliwa kwa taabu, na wengine wengi bado haelewi, ndiyo maana anataka kurudi kuuliza upya. Kijana yule anameza vidonge na sasa anachunga. Huanguka mara mojamoja. Binti mmoja amerudi shule. Mwingine vidonge havikumsaidia, tulimzika mwaka jana, na mama yake yumo humu, naye amechanga. Na vidonge vyenyewe huisha, tunasubiri, tunapiga kelele, vinakuja.

Nawashukuru wachimbaji, ambao hawapo hapa kwa sababu mnawakunjia uso. Namshukuru daktari aliyenijibu kwa ukali. Namshukuru Baba Kabula kwa ugali wa madonge. Zaidi ya wote namshukuru yule mama aliyesimama akaniuliza lile swali, maana asingeliuliza ningekuwa nawachukia watu wanne mpaka kaburini kwa kosa nililolifanya na mimi.

Funzo langu ni dogo. Kuogopa, sote tuliogopa. Lakini woga tuliurithi bila kuuliza, na usipoulizwa unaua watu. Mtu akianguka mbele yako, mgeuze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, kaa naye mpaka aamke. Akiamka mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Ndiyo hivyo tu. Kisha mlete hospitali, aandikwe.

Yule aliyeniuliza njiani kwa nini bado nachangisha, nimemjibu. Nachangisha kwa sababu Kabula alikuwa na haki ya kushikwa. Nimemaliza. Kikapu kinapita kuanzia upande wa akina baba, na wewe mwenye kofia unayenyemelea mlango, baba yangu, nimekuona. Rudi ukae.