Maduhu Maganga, Aliyeitaka Arusha

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Boaz, mdogo wake, nasoma habari za kaka yetu Maduhu Maganga, aliyezaliwa Kharumwa tarehe 4 Machi 1969, akasoma hapohapo hadi darasa la saba, mwaka 1986 akaingia machimboni, na mwaka 1994 akafunga ndoa na Asteria, wakajaliwa watoto wawili, Limi na Deusdedit.

Marehemu alikuwa mwenyekiti wa wachimbaji wadogo hapa Segese, tena alikuwa na wivu, na hilo hatulifichi kwa sababu mnamjua. Mwaka 2019 ulipoitishwa Arusha mkutano wa wachimbaji wa Afrika Mashariki, kujadili masharti ya dhahabu inayovuka mipaka, waandaaji walimpigia simu Theonest, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kaka akakosa usingizi, akawa hawezi kuliona koti jipya la Theonest bila kununa, akauliza kwenye kila kijiwe ni nani amemtuma huyo akatusemee, maana hata wabunge wa Afrika Mashariki huchaguliwa na wabunge wa Dodoma, si sisi.

Haki alikuwa nayo, ila roho ilimuuma kuliko hiyo haki. Akadai tupange mstari, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, kama tunavyochagua viongozi wetu machimboni, tukapanga penye karasha, wengi wakaenda kwa Theonest, na shemeji Asteria naye hukohuko, akisema mbele yetu sote, "Baba Limi, wewe Arusha utagombana na mlinzi getini kabla hujaingia."

Basi Theonest akaenda akiwa ametumwa kweli, jambo ambalo kaka hakulimeza, na kwa kuwa vikao vya Arusha viliendelea baada ya hapo, kila Theonest aliporudi kaka alimngoja stendi, amwulize alisema nini na alijibiwa nini kabla hajashusha begi, hata Theonest ametuambia kwamba huko vikaoni aliogopa kunyamaza kwa sababu ya maswali ya stendi.

Februari mwaka huu kifua, kilichoharibiwa na vumbi la mawe, kilimlaza hospitali, Theonest akamletea habari za Arusha, kaka akavua oksijeni ili aulize, wauguzi wakamkemea, na Jumatatu tarehe 14 Julai 2025 akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wachimbaji wenzake, na Theonest, aliyeacha kikao cha Arusha wiki hii ili awe hapa.

Kaka, jeneza likiinuliwa tutapanga mstari nyuma yako, Asteria mbele, Theonest akimfuata, na safari hii hakuna aliyebaki upande wa pili. Pumzika kwa amani.