Kamba Mbili za Beda Anselmi

Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, wazee, majirani, na ninyi watani wetu Wanyamwezi mliokaa upande wa kaburi, familia inawaomba utulivu, ili safari ya ndugu yetu isomwe mbele yenu kabla hatujamshusha.

Marehemu Beda Anselmi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1921 huko Malolo, Wilaya ya Kilosa, mtoto wa pili wa Mzee Anselmi na Mama Raheli, Wasagara wakulima, na inakumbukwa kwamba mama yake, msusi wa vikapu, hakutoa kikapu nyumbani kabla jirani hajakijaribu kwa mzigo, kikikatika alicheka, akaanza upya.

Mwaka 1931 aliingia darasa la katekista, akajifunza kusoma na kuandika, lakini mwaka 1934 aliacha ili kushika jembe la baba yake aliyekuwa mgonjwa, na mwaka 1939 akaenda Kimamba kwenye mashamba ya mkonge, akapewa nafasi katika banda la kusokota kamba. Huko ndiko alikokutana na Nikolaus, Mnyamwezi mkata mkonge, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, na kwa kuwa Mnyamwezi na Msagara ni watani tangu enzi za misafara, walianza kutukanana siku ile ile, wakapendana mpaka kifo.

Tarehe 7 Juni 1947 alifunga ndoa na Marselina, hapa Kilosa, nao wakajaliwa watoto watatu, Anastazia, Theodory na Bibiana, ambao wote wapo hapa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, chama cha ushirika kilifungua karakana ya kamba hapa Kilosa, marehemu akawekwa mkuu wa wasokotaji, akaja na desturi ya Kimamba, kwamba kamba nzito haitoki kabla ya kupelekwa uwanjani, watani wakashika ncha moja, wasokotaji ncha nyingine, wakavutana mpaka jasho liwatoke. Nikolaus ndiye aliyefunga mkia, yaani mshikaji wa mwisho, upande wao, na kamba ilipokatika wote walianguka chali, naye angali chini alisema, "Kamba ya Msagara ni kama ahadi yake, ukiiegemea unajikuta chini," na Beda akamjibu, "Mnyamwezi akianguka hulaumu kamba, hautaji ugali aliokula kwetu," kisha kamba ile ikafumuliwa palepale, na aliyeisokota akanywesha watu pombe, wala hakuna aliyekwenda nyumbani na kinyongo.

Mwaka 1972 uongozi wa karakana uliamua vingine. Ilisemwa kwamba kuvutana ni mchezo wa walevi usiofaa katika nchi inayojenga ujamaa, na kwamba kazi ya kupima ipewe kampuni ya mjini, yenye mashine, isiyojuana na msokotaji, nayo ikawa inapelekewa kwa treni kipande kilichokatwa kwenye ncha ya kila kamba, na kurudisha muhuri wa madini ya risasi wa kufungia kamba iliyobaki. Marehemu hakupinga kupimwa na mtu wa nje, maana yeye mwenyewe alikuwa akisema mganga hajigangi, na watani walikuwa watu wa nje kabla kampuni hiyo haijajulikana, bali aliomba kamba ivutwe yote, naye akiwepo, ili ikikatika aone mahali ilipokatikia. Alijibiwa, "Mzee Beda, wewe sokota, kupima si kazi yako tena."

Katika masika ya mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamia vijiji vipya, karakana ilidaiwa kamba za kuchimbia visima kwa haraka, katani ikasokotwa ikiwa na unyevu, na marehemu alisema wazi mbele ya viongozi wake kwamba kuna kamba moja ambayo haiamini katikati, mkono wake mwenyewe ulichoka pale, akaomba waitwe watani waivute. Akaambiwa kipande kimekwishapelekwa. Muhuri ulirudi, kamba ikapelekwa kijiji kimoja kipya karibu na Mikumi, na katika kijiji hicho alikuwa amehamishiwa Nikolaus.

Tarehe 11 Oktoba 1974 Nikolaus alifungwa kamba hiyo kiunoni ili ashuke kisimani, akauliza, "Nani ameivuta hii?" akaonyeshwa muhuri, akacheka na kusema, "Basi nikianguka nitamtukana nani, risasi?" Akashuka. Kamba ilikatika katikati.

Karakana ikasema ilikuwa na muhuri, kampuni ikasema kipande ilicholetewa kilikuwa kizima, na kwa haki kilikuwa kizima, ncha ile haikuwa na kasoro, kwa hiyo kila aliyeulizwa alitoka akiwa safi, lawama ikatafuta mtu asiye na kampuni wala kiti, ikamkuta Beda, akafukuzwa kazi Januari 1975. Yeye hakusema hana kosa. Alisema, "Kukosea nimekosea, lakini niliomba nikamatwe mapema."

Kilichomuuma kuliko kufukuzwa ni siku ya matanga, Paulina, mjane wa Nikolaus, alipomtazama akamwambia, "Shemeji, safari hii umeangusha Mnyamwezi mmoja tu, na hajacheka," na tangu siku hiyo hapakuja mtani mlangoni pake, si kwa sherehe wala kwa msiba, naye aliyezoea kutukanwa akaishi katika heshima, watu wakimwamkia na kupita. Alihamia Mikumi, akawa anauza kamba za kufungia mbuzi kando ya barabara kuu, na kila mteja alimwambia, "Vuta kwanza."

Mwaka 1976 kifua kilianza kumbana, akatibiwa hospitali ya Berega, akarudishwa nyumbani, na katika miezi yake ya mwisho alisokota kamba mbili nene, akamwagiza Marselina kwamba hizo ndizo zimshushe, lakini zisimguse kabla Wanyamwezi hawajazivuta, na kama hawatakuja, basi abebwe kwa mikono. Alifariki huko Mikumi tarehe 3 Juni 1977, alfajiri, akaletwa hapa Kilosa azikwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Berega, majirani wa Mikumi waliomwuguza, na wasokotaji wenzake waliokuja bila kutumwa na karakana. Kampuni haikualikwa.

Wapo waliolalamika juu ya kelele za asubuhi ya leo nyuma ya nyumba ya msiba, wakisema si adabu. Wajue kwamba Paulina alikuja na watu wake, akafunga mkia mwenyewe mahali pa mumewe, wakavutana na wasokotaji, na kamba ya kwanza ikakatika, wakaanguka wote matopeni, na Paulina angali amelala chali alisema kwa sauti iliyofika kwenye jeneza, "Beda, hata ukifa hujui kusokota," kisha akacheka, akalia, akacheka tena. Ya pili ilishika.

Kwa hiyo tutamshusha kwa hiyo iliyoshika, pamoja na moja ya jirani yetu Cleopa, ambayo nayo imevutwa, na watani ndio watakaozishika.

Ndugu yetu Beda, umepimwa. Pumzika sasa kwa amani.